Mti Uliong'olewa Ukaota Tena: Historia ya Kugawa Data Katika Mashine Nyingi

Tarehe 14 Agosti 1968, huko Downey, California, mashine ya chapa iliyounganishwa na kompyuta ya IBM ilitoa ujumbe mfupi wa kuarifu kwamba mfumo uko tayari kwa kazi. Mahali penyewe ni kwenye kiwanda cha Rockwell, kampuni iliyokuwa ikiunda chombo cha Apollo. Mfumo huo baadaye ulipewa jina la IMS, na ulizaliwa kutokana na shida iliyokuwa ikiwasumbua wahandisi wa safari za mwezini. Chombo hicho na roketi yake, Saturn V, vilikuwa na mamilioni ya vipuri, na karibu kila kipuri kilikuwa ndani ya kingine: boliti ndani ya vali, vali ndani ya injini, injini ndani ya hatua ya kwanza ya roketi. Vern Watts na wenzake wa IBM, wakishirikiana na wahandisi wa Rockwell na wa kampuni ya Caterpillar, walizihifadhi rekodi kwa sura ileile ya vitu vyenyewe. Juu palikuwa na mzazi mmoja, chini yake watoto, na chini ya watoto wajukuu. Wataalamu huuita muundo huo mti.

Mti ulifanya kazi iliyokusudiwa. Mwaka uliofuata watu walitua mwezini, na IMS ikaenea viwandani na katika mabenki, ambako mpaka leo ingali inahudumia miamala ya fedha. Lakini katika miaka michache tu mti huo ulilaumiwa, na baadaye ukaachwa na wengi, ukahesabiwa kuwa mambo ya kale. Halafu, baada ya miaka 40 hivi, wahandisi wa mifumo mikubwa kuliko yote duniani waliurudia wenyewe.

Kurudi huko kunatufundisha jambo ambalo fani ya hifadhidata ilichelewa kulikubali. Data zikizidi uwezo wa mashine moja, hukatwa vipande, ambavyo mafundi huviita shadi, na kila kipande hupewa mashine yake. Wengi hudhani kukata vipande ni kazi ya watunza seva, itakayofanywa baadaye mambo yakishakuwa makubwa. Sivyo. Mahali pa kila rekodi huamuliwa na yule aliyechora muundo wa data, siku alipochagua ufunguo wake, awe alitambua au hakutambua.

Codd na majedwali yasiyo na mzazi

Edgar Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga, na vita vilipokwisha alihamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa katika maabara ya kampuni hiyo huko San Jose, akiutazama mti kwa jicho la mwanahisabati.

Aliona kwamba mti hulijibu vizuri swali lililotarajiwa na aliyeuchora, na kulijibu kwa taabu swali jingine lolote. Ukiuliza injini fulani ina vipuri gani, programu hushuka tawi moja na jibu hupatikana. Ukiuliza vipuri vya mtengenezaji fulani vimefungwa kwenye injini zipi, programu hulazimika kupanda na kushuka kila tawi. Tena kila programu iliandikwa kwa kufuata njia za mti huo, kwa hiyo mti ukibadilishwa, programu nazo ziliharibika.

Mwezi Juni 1970, katika jarida la Communications of the ACM, Codd alichapisha makala iliyobadilisha fani nzima. Alipendekeza data zote ziwekwe katika majedwali yaliyo sawa kwa hadhi, yasiyo na mzazi wala mtoto, yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake. Muulizaji aseme anachotaka, na mashine itafute njia ya kukifikia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walitoa lugha iliyokuja kuwa SQL. Wakati huohuo Michael Stonebraker na Eugene Wong walikuwa wakijenga mfumo wa Ingres katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1981 Codd alitunukiwa tuzo ya Turing.

Huo ulikuwa ukombozi wa kweli. Mhasibu, daktari au mtafiti aliweza kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliwaza wakati jedwali linaundwa, na akajibiwa. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na sharti lisiloandikwa: majedwali yote yakae ndani ya mashine moja. Kuunganisha mstari wa jedwali hili na mstari wa jedwali lile ni kazi nyepesi iwapo mistari yote miwili iko kwenye diski moja. Ikiwa huu uko kwenye mashine ya 3 na ule uko kwenye mashine ya 40, kuna safari ya mtandao katikati, kuna kungojana, na kuna uwezekano kwamba mashine moja itazimika wakati nyingine inaendelea kuandika.

Ufunguo unapogeuka kuwa anwani

Sharti hilo lilianza kuonekana mapema. Mwaka 1979 kampuni ya Teradata ilianzishwa huko Brentwood, California, kwa wazo kwamba mashine ndogo nyingi, kila moja na diski yake, zinaweza kushinda mashine kubwa moja ya bei ghali. Mashine yao iliitwa DBC/1012, namba iliyotokana na 10 kwa kipeo cha 12, yaani baiti trilioni moja, kiasi ambacho wakati ule kilikuwa karibu na ndoto. Iliingia sokoni mwaka 1984.

Tuitazame ilivyofanya kazi, maana ndipo ndoa ya muundo na mahali ilipofungwa. Kwa kila jedwali, mchoraji alichagua safu moja au zaidi ziwe ufunguo, yaani msingi wa ugawaji. Thamani ya safu hiyo ilipitishwa katika hesabu iitwayo heshi, inayogeuza thamani yoyote kuwa namba inayoonekana kama ya bahati nasibu, lakini isiyobadilika kamwe kwa thamani ileile. Namba hiyo ndiyo iliyoamua mstari uende kwenye prosesa ipi.

Chukua benki yenye jedwali la wateja na jedwali la akaunti. Yote mawili yakigawanywa kwa namba ya mteja, mteja na akaunti zake zote huangukia mahali pamoja, na kuziunganisha ni kazi ya ndani. Jedwali la akaunti likigawanywa kwa namba ya akaunti, akaunti za mteja mmoja hutawanyika, na kila swali linalowahusu wateja na salio zao huilazimu mistari kusafirishwa kwanza ndipo ikutane. Majedwali ni yaleyale, data ni zilezile, na SQL haibadiliki hata herufi moja. Kilichobadilika ni safu moja iliyochaguliwa na mchoraji.

Mwaka 1986 Stonebraker aliandika makala fupi ya kutetea mashine zisizoshiriki chochote isipokuwa mtandao. Mwaka 1992 David DeWitt na Jim Gray walionyesha kwamba mtindo huo ndio ulioshinda, wakaeleza njia kuu za kugawa mistari. Ya kwanza ni kuigawa kwa zamu, moja huku, moja kule. Ya pili ni heshi. Ya tatu ni kwa masafa: kwa mfano majina ya A hadi F mashine hii, G hadi M mashine ile. Heshi hutawanya mzigo vizuri, lakini huvuruga mpangilio, hivyo swali la kuanzia tarehe hii hadi ile hulazimika kuulizwa kila mashine. Masafa hutunza mpangilio, lakini ufunguo ukiwa wakati wa tukio, rekodi zote mpya hukimbilia kipande cha mwisho, mashine moja ikaelemewa huku nyingine zikipumzika. Uchaguzi huu bado uko mezani mwa kila mhandisi hadi leo.

Wavuti na makosa ya gharama

Wavuti ilipokua, tatizo lilizihama maabara za utafiti na kuingia katika kampuni changa zenye wahandisi wachache. Njia rahisi ilikuwa kuchukua namba ya mtumiaji, kuigawanya kwa idadi ya seva, na kutumia baki. Mtumiaji wa 2027, seva zikiwa 4, yuko seva ya 3. Ukiongeza seva moja zikawa 5, anatakiwa seva ya 2. Katika kutoka seva 4 kwenda 5, funguo 80 katika kila 100 hulazimika kuhama, wakati mfumo uko kazini.

Mwaka 1997 David Karger, Daniel Lewin na wenzao wa MIT walitoa dawa: seva na funguo zote ziwekwe kwenye duara moja la namba, kila ufunguo uende kwenye seva inayofuata. Ikiongezwa seva ya 5, wastani wa sehemu moja tu kati ya tano huhama. Mwaka 1998 Lewin na mwalimu wake Tom Leighton walianzisha kampuni ya Akamai kwa msingi wa kazi hiyo. Lewin aliuawa tarehe 11 Septemba 2001 akiwa abiria katika moja ya ndege zilizotekwa nyara, akiwa na umri wa miaka 31. Wazo lake limo ndani ya mifumo mingi inayohifadhi data za dunia leo.

Hata hivyo, duara hujibu tu jinsi ya kuhamisha vipande. Halijibu nini kikae na nini. Flickr, mtandao wa picha, walikutana na swali hilo kwa uwazi. Walimpangia kila mtumiaji kipande cha kukaa, na picha zake zikakaa naye. Lakini maoni ni ya nani, ya mwenye picha au ya aliyeyaandika? Ukurasa wa picha huyahitaji, na ukurasa wa mwandishi huyahitaji pia. Waliamua kuyaandika mara mbili, pande zote mbili. Katika mafunzo ya SQL hilo ni kosa. Kwenye vipande lilikuwa bei waliyokubali kulipa ili kila ukurasa usomwe mahali pamoja.

Instagram walipokua kwa kasi waliiweka anwani ndani ya utambulisho wenyewe. Kila picha ilipewa namba ya biti 64: biti 41 za wakati, biti 13 za kipande, na biti 10 za mfululizo. Ukiishika namba ya picha, tayari unajua ilipo. Tena vipande hivyo vilikuwa vya kimantiki, maelfu kwa idadi, vikikaa ndani ya seva chache. Seva ikijaa, kipande kizima huhamishwa bila kubadili namba ya picha hata moja.

Foursquare, ya New York, ililipa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2010 rekodi zake za watu kujisajili mahali walipo zilikuwa kwenye mashine mbili za hifadhidata ya MongoDB, zilizogawanywa kwa namba ya mtumiaji, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 66. Watumiaji waligawanyika sawasawa, lakini shughuli zao hazikugawanyika hivyo. Mashine moja ilifika gigabaiti 67 wakati mwenzake alikuwa na 50. Gigabaiti hiyo moja iliyozidi ilitosha kuilazimisha mashine isome kutoka kwenye diski, maombi yakapangana foleni, na tarehe 4 Oktoba huduma ikazimika kwa saa zipatazo 11.

Wahandisi waliongeza mashine ya tatu na kuihamishia asilimia 5 ya data. Hali haikubadilika, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Kila rekodi ilikuwa na baiti kama 300, na kumbukumbu husomwa kwa kurasa za kilobaiti 4. Rekodi zilikuwa zimepangwa kwenye diski kwa jinsi zilivyoingia, siyo kwa mtumiaji. Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na rekodi za watu mbalimbali, na kumwondoa mmoja kuliacha tundu dogo bila kuuachilia ukurasa wenyewe. Muundo uligawa kwa mtumiaji, diski ilipanga kwa wakati, na tofauti hiyo haikuonekana mpaka siku ya shida.

Mti unaota upya

Google walikuwa wakikusanya uzoefu wao kimyakimya. Mwaka 2006 walichapisha maelezo ya Bigtable, jedwali kubwa lililopangwa kwa ufunguo wa mstari na kukatwa kwa masafa. Kurasa za wavuti zilihifadhiwa kwa anwani iliyogeuzwa, com ikitangulia, jina la tovuti likifuata. Kwa kugeuza huko tu, kurasa zote za tovuti moja zilikaa jirani. Kilichoweka ujirani huo ni herufi za ufunguo peke yake.

Mwaka 2007 Pat Helland, aliyefanya kazi ya miamala kwa miaka mingi, aliandika kwamba katika mifumo mikubwa mno mwanaprogramu asitegemee muamala mmoja kugusa vitu vilivyo kwenye mashine tofauti. Atambue kwanza kitu kizima kinachobaki pamoja daima, akipe ufunguo mmoja, na mengine yote ayafanye kwa ujumbe kati ya vitu hivyo.

Mwaka 2011 Google walieleza mfumo wao wa Megastore, na humo wazo hilo likawa sheria. Mchoraji alilazimika kutangaza makundi: rekodi za kundi moja hukaa pamoja na hubadilishwa kwa muamala kamili, na anayevuka kundi hulipa zaidi. Mifano waliyoitoa inafundisha kuliko nadharia. Barua pepe ni rahisi: kila akaunti ni kundi moja, kwa kuwa mtu husoma barua zake mwenyewe. Blogu ni ngumu zaidi, kwani huandikwa na watu kadhaa na haina mmiliki wa kudumu. Kwa hiyo wasifu wa mtu ulikuwa kundi moja, makala za blogu kundi jingine, na jina la blogu kundi la tatu, ili watu wawili wasijichukulie jina moja. Ramani ilikuwa ngumu kuliko zote, maana ardhi haina mipaka ya asili inayofaa kompyuta. Waliikata dunia katika viraka visivyopishana. Viraka vikiwa vikubwa mno, watu wengi hugongana wakiandika ndani ya kimoja, na vikiwa vidogo mno, karibu kila kazi huvuka mpaka.

Hapa ndipo mtu anapoona kwamba kugawa data hakuna kanuni moja. Lazima uijue kazi yenyewe: nani ana nini, nani anasoma nini, na nini hubadilika pamoja na nini.

Pigo la mwisho lilitoka kwenye mfumo wa matangazo ya Google. Data zake, makumi ya terabaiti, zilikuwa zimegawanywa kwa mkono kwenye hifadhidata ya MySQL, kila mteja akipangiwa kipande kimoja. Mara ya mwisho vipande hivyo vilipopangwa upya, kazi ilichukua zaidi ya miaka miwili na kuhusisha makumi ya timu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulikuwa mrefu. Mwaka 2012 Google walitangaza hifadhidata ya Spanner, na juu yake F1, ili kuepukana na adha hiyo.

F1 ilipokea SQL, kama Codd alivyotaka. Lakini tazama majedwali yake. Mteja ana ufunguo wa namba yake. Kampeni ina ufunguo wa mteja na kampeni. Kundi la matangazo lina ufunguo wa mteja, kampeni na kundi. Mistari yote ilihifadhiwa kwa kuchanganywa: mteja 7, kisha kampeni 7-1, kisha makundi 7-1-1 na 7-1-2, kisha kampeni 7-2 na makundi yake, ndipo aje mteja 8. Mtoto amebeba jina la mzazi ndani ya ufunguo wake, na hukaa kando yake kwenye diski. Mashine zikihitaji kugawana mzigo, familia nzima huhama pamoja. Ni mti wa mwaka 1968, safari hii ukiwa umefunikwa kwa lugha iliyokuja kuuondoa.

Kilichobaki mikononi mwetu

Sioni katika haya kushindwa kwa Codd. Alikuwa sahihi kwamba muulizaji asibebeshwe mzigo wa kujua njia. Walichogundua waliomfuata ni kwamba umbali kati ya mashine haufutiki kwa lugha nzuri, na mtu pekee anayejua ni rekodi zipi zinahitajiana kila mara ni mwenye kuichora kazi. Wakati wa Apollo mti ulikuwa kizuizi kwa sababu ulitawala kila swali. Siku hizi unatawala mahali pa kukaa tu, na maswali yako huru, ingawa bei zake hazilingani.

Zana nazo zimekua. Vitess, iliyoanzishwa YouTube mwaka 2010, huigawa MySQL bila programu kujua seva zote. MongoDB 5.0, ya mwaka 2021, huruhusu kubadili ufunguo wa ugawaji wakati mfumo unaendelea kufanya kazi. Lakini hakuna zana inayokuchagulia ufunguo. Discord, mtandao wa mazungumzo wenye matrilioni ya ujumbe, waliona kwamba kuuweka ujumbe wote wa chumba kimoja pamoja kungeunda vipande visivyobebeka. Waliongeza kipindi cha siku 10 ndani ya ufunguo, ili chumba chenye kelele kikatwe kwa wakati. Hata hivyo, vyumba vyenye watu wengi mno viliendelea kuzichosha mashine, na mwaka 2022 walibadilisha hifadhidata yenyewe na kuongeza huduma ya kuunganisha maombi yanayofanana.

Kwa hiyo yeyote anayeanza mfumo leo, hata akiwa na seva moja ndogo, afanye kazi hii kabla ya kuunda jedwali la kwanza. Kando ya kila jedwali aandike mmiliki wa kila mstari, kitu gani ndani yake kinaweza kukua kuliko vingine vyote, na swali lipi litalazimika kuvuka mipaka ya mmiliki huyo. Kama kuna mzazi, ufunguo wa mtoto uanze na wa mzazi. Kama jambo moja lina wenyewe wawili, aamue mapema kama litaandikwa mara mbili au litasomwa kwa safari ya mtandao, na aiandike sababu yake. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Kupanga upya vipande kuliwachukua Google zaidi ya miaka miwili.